Nani Aliamka Kusukuma Kuni?

Kuna utani ambao kila Mpare aliyewahi kuishi Dar es Salaam ameshatupiwa. Familia ya Kipare imenunua samaki mmoja mkavu. Badala ya kumla, wanamning'iniza kwa kamba juu ya sinia la ugali. Kila mtu anamega tonge, anamtazama samaki, anameza. Mtoto mmoja anajisahau, anamtazama mara mbili kwa tonge moja, baba yake anamzaba kibao: "Punguza uroho!"

Nimeucheka utani huu mara nyingi, na nimeusimulia mwenyewe mara nyingi zaidi, maana ukiwahi kuusema wewe unakuwa umeshawanyang'anya wenzako fimbo. Kwetu ni Ugweno, kule juu, kaskazini mwa milima ya Upare, wilaya ya Mwanga. Tuna lugha yetu, Kigweno, ambayo iko karibu na Kichaga kuliko Kipare, lakini ukishashuka kwenye basi Dar es Salaam mambo hayo hayana anayeyajali. Umetoka milima ile, basi wewe ni Mpare, na Mpare ni bahili. Ukikataa, wanakuuliza swali moja tu: kwenu mnakula nini? Na wewe unajikuta umejibu: makande.

Kwa msomaji ambaye hayajui, makande ni mahindi makavu na maharage yaliyochemshwa chungu kimoja mpaka yakaiva. Mwenye nacho anaweka kitunguu, nyanya, karoti. Watu wa pwani wanayamwagia tui la nazi. Kwetu tulikula na parachichi, au maziwa ya mgando kama ng'ombe alikuwa anakamuliwa. Na hatuko peke yetu. Wakikuyu wana githeri yao, Wakamba wana muthokoi, ambayo mahindi yake yameondolewa ngozi, na Waxhosa wa Afrika Kusini wana umngqusho. Mnakumbuka uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2017, yule mpiga kura aliyepigwa picha kwenye foleni akila githeri kwenye mfuko wa plastiki? Kenya nzima ilimpenda kwa siku ile. Sisi tuliosoma bweni Tanzania tulimwelewa zaidi, ingawa kwa kumbukumbu zetu githeri yake ilikuwa inapungukiwa na wale wadudu waliokuwa wanaelea juu.

Nilikusudia kuandika juu ya chakula cha bei rahisi kinachoshibisha familia, jinsi ya kukipika, na kwa nini tusikionee aibu. Bado nitaandika hayo. Ila kuna sufuria moja iliyonipeleka mahali ambapo sikupanga kwenda.

*

Mapema mwaka 2024 kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ilipunguza wafanyakazi, na mimi nikawa mmojawapo. Mke wangu alikuwa na kazi yake ya zamu, namshukuru Mungu, lakini mshahara mmoja kwa watu wanne Kimara ni kama blanketi fupi: ukivuta huku, kule kunabaki wazi. Tukakubaliana. Yeye atatafuta, mimi nitakaa na watoto na jiko, huku naendelea kutuma maombi ya kazi.

Nilianza kwa daftari, kama mhasibu. Nikaandika bei za gengeni kwetu, nikaandika kila kitu kinashibisha watu wangapi kwa muda gani. Wali ulianguka mapema. Chapati zikafuata, kwa sababu ya mafuta. Makande yakashinda bila upinzani. Kilo moja ya mahindi yaliyokobolewa na nusu kilo ya maharage ingetulisha wote wanne mchana na usiku, na kesho yake binti yangu abebe kwenye kontena la shule. Nikampigia mama simu kumtangazia.

"Shikamoo mama. Leo napika makande."

"Marahaba. Nani anapika?"

"Mimi."

Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Baba, kwani umeoa au umeolewa?"

Nikamwambia zamani zimepita. Akasema haya, na uroweke tangu usiku. Nikasema sawa mama, na sikuroweka, kwa sababu ilikuwa tayari saa sita mchana na nilikuwa na haraka ya kuonekana naweza.

Niliweka sufuria kwenye gesi saa tisa. Saa kumi na moja maharage yalikuwa yanaanza kupasuka, na mahindi yalikuwa vilevile kama nilivyoyamwaga. Saa moja usiku maharage yalikuwa uji, mahindi yanagonga meno. Saa mbili na nusu mtungi ukakohoa mara mbili, ukazima. Ulikuwa ule mtungi mdogo wa kilo 6 ambao nilitegemea utufikishe mwisho wa mwezi. Watoto walilala na mkate na chai, na chai yenyewe ilichemshwa kwa jirani.

Niliporudi kwenye daftari nikapiga hesabu upya. Gesi iliyoungua kwenye sufuria ile moja ilikuwa na thamani ya kama shilingi elfu tatu, sawasawa na mahindi yenyewe. Na chakula bado hakikuwa tayari.

Kesho yake nilimalizia kwa mkaa. Nikasema liwalo na liwe, nikapakua mchana. Binti yangu ana miaka kumi na moja. Alitafuna kijiko cha kwanza taratibu, akatafuna cha pili, kisha akaisukuma sahani mbele kwa vidole viwili. "Baba, haya ni mawe." Mdogo wake akaangua kicheko.

Nilipandwa na hasira ambayo haikuwa ya makande peke yake. Ilikuwa ya kazi, ya barua zisizojibiwa, ya mtungi. Nikafungua mdomo nimfundishe adabu. Halafu nikaviona vile vidole viwili kwenye ukingo wa sahani, na maneno yakakwama. Niliwahi kuviona vidole hivyo. Na kile kicheko cha mdogo wake, nilikijua pia. Kilikuwa changu.

*

Jiko letu Ugweno lilikuwa banda lake peke yake, hatua chache kutoka nyumba kubwa, ukuta wa udongo, paa la bati lililopigwa weusi na moshi kwa ndani. Mafiga matatu katikati. Juu ya mafiga dari la fito lililobeba magunzi, mahindi ya mbegu na mikungu ya ndizi inayoiva taratibu. Siku ya makande mama aliyatwanga mahindi jioni kwenye kinu, akiyanyunyizia maji kidogo ngozi itoke, akapepeta, akaosha. Tukishakula chakula cha usiku, chungu kikapanda juu ya mafiga. Chini yake aliingiza gogo moja kubwa na kuni ndogo za kulishikia moto, akafunika chungu, akaenda kulala.

Ila kwenda kulala ni namna ya kusema tu. Gogo linaungua kwa kurudi nyuma. Moto unatoka chini ya chungu, na mtu asipolisukuma ndani, chungu kinapoa. Maji nayo yanakauka. Kwa hiyo usiku kucha mlango wa nyumba kubwa ulilia mara mbili, mara tatu. Nilikuwa naisikia ile sauti nikiwa nusu usingizini, nikageuka upande wa pili. Kwangu ilikuwa sauti ya usiku, kama vyura. Asubuhi kabla ya shule unakuta makande yameiva, mekundu, mazito, na harufu ya moshi ndani yake ambayo sijawahi kuipata kwenye jiko lolote la mjini.

Isipokuwa siku moja, wakati wa masika, nilipokuwa na miaka tisa. Tuliamka makande ni magumu. Baba alitafuna, akaacha, akaisukuma sahani mbele kwa vidole viwili.

"Mwanamke gani huyu anayelala moto ukizima?"

Alisema mbele yetu wote. Nami nikatafuna punje moja kwa makelele, krak, makusudi ili baba asikie, na nikacheka. Baba naye akacheka. Nakiri kwamba kwa miaka mingi niliitunza asubuhi ile kama kumbukumbu nzuri, maana baba hakuwa mtu wa kucheka na watoto.

Mama hakujibu. Alikusanya sahani, akapanda kigoda, akatushushia ndizi mbivu kutoka darini, tukaenda shule na hizo. Hatukunywa hata chai siku ile. Na miguu yake ilikuwa na matope mpaka juu ya vifundo. Niliyaona. Mtoto anaona kila kitu, haulizi.

*

Ndipo pale mezani Kimara nilipoona kosa la daftari langu. Nilikuwa nimeandika "bei rahisi" juu ya makande kana kwamba ni sifa ya mahindi.

Kwetu makande yalikuwa rahisi kwa sababu kila kilichoingia ndani yake kilipatikana bila kutoa pesa mfukoni. Mahindi na maharage yalitoka shamba moja, yamepandwa pamoja, maharage chini ya mahindi. Kuni zilitoka kwenye migrevilea iliyopandwa kati ya kahawa na mipakani, na zililetwa nyumbani kichwani. Maji yalitoka mferejini, yakaletwa vilevile. Na usingizi ulitoka kwa mtu mmoja. Kwa kuwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa popote, tukasema chakula hiki hakina gharama. Mjini unalipia kila dakika ya moto, kwa hiyo gharama inajitokeza. Ugweno ilikuwepo vilevile, ila ilikuwa inatembea gizani na kanga mabegani.

Nikijaribu kuzikumbuka riwaya za Kiswahili nilizosoma, na nimesoma nyingi kuliko zilivyonisaidia kwenye usaili wa kazi, naona chakula mara nyingi kinaletwa tu. Mlango unafunguliwa, sinia linaingia, wanaume wanakula na kuzungumza mambo mazito. Nani aliamka? Mwandishi hana habari naye, na mimi msomaji sikuwahi kumuulizia.

Historia nayo ni hivyo hivyo, isipokuwa pale wanawake wenyewe wanapovunja mlango. Mwaka 1945 wanaume wa Upare walishuka kwa maelfu kwenda Same, makao ya wilaya, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Kodi ile ilimpima mtu kwa mali yake, na watu waliona ni fedheha serikali kuja kuhesabu alichonacho mtu nyumbani kwake. Mgomo ukawa mrefu. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1971. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi, majirani zetu wa mlima wa pili, walimzunguka afisa wa wilaya wakamtaka amalize mgogoro waume zao warudi nyumbani, la sivyo awape mimba yeye mwenyewe, wote.

Nilipoisikia habari hii chuoni tulicheka darasa zima. Siku hizi naisikia tofauti. Wale walikuwa watu waliobaki na shamba, mifugo, watoto na chungu, mikono ikiwa imepungua nusu. Walijua bei ya mgomo kwa sababu walikuwa wanailipa kila usiku. Waliitamka kwa lugha ambayo afisa asingeweza kujifanya hajaielewa.

*

Jioni ile ile nilimpigia mama tena. Baba alishafariki, siku nyingi. Nilitaka kuomba radhi na sikujua naanzia wapi, kwa hiyo nikaanzia kwenye makande.

"Yamekuwa mawe, mama. Mjukuu wako amekataa."

"Hukuroweka."

"Sikuroweka."

"Nilijua."

Tukacheka. Kisha nikamwambia: unakumbuka ile asubuhi ya masika, makande hayakuiva, baba akasema ulilala? Mimi nilicheka. Nilikuwa mtoto, lakini nilicheka, na nimekuwa nakumbuka leo mchana wote.

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Sikulala," akasema. "Kuni ziliisha."

Nikasema kuni ziliishaje, na wewe ulikuwa mtu wa kupanga kuni kama matofali.

"Niligawa. Mwenzangu wa mpakani alishikwa na uchungu usiku ule. Mvua imenyesha wiki nzima, kwake kila kitu kibichi, hata maji ya moto hakuna. Mkunga kafika, anauliza maji. Mtoto wake mkubwa akaja kunigongea dirisha la jikoni, nilikuwa nimetoka kusukuma moto. Nikabeba mzigo wote nikapeleka. Hata gogo nililitoa chini ya chungu, nikalizima upande mmoja, nikaenda nalo."

Sasa hapa lazima nieleze, na nitalazimika kuingiza utani wa pili kuhusu Wapare, kwamba tunapenda kesi. Wanasema Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Huyo mwenzake wa mpakani alikuwa mke wa mtu ambaye baba yangu alikuwa na kesi naye. Hatua mbili za shamba la kahawa, mpaka uliosogezwa au haukusogezwa, inategemea unamuuliza nani. Kesi ilikuwa imetoka barazani ikapanda mahakama ya mwanzo, na kwenye nyumba yetu ilikuwa marufuku hata kuomba chumvi kule.

"Kwa nini hukumwambia baba?"

"Ningemwambia nini? Kwamba kuni zake zimechemsha maji ya nyumba ile?" Akacheka kidogo. "Mke aliyelala anasemwa asubuhi moja, yanaisha. Mke aliyegawa kuni kwa adui, hiyo ni kesi nyingine. Na mimi sikutaka kesi. Nilitaka kulala."

Matope ya miguuni. Chai ambayo hatukunywa. Vyote nilikuwa navyo tangu nina miaka tisa, nikashindwa kuviunganisha.

Nikamuuliza na yule mtoto? Akasema yupo. Ana bodaboda pale juu. Ndiye anayempeleka kliniki, na akimlipa anarudisha chenji kubwa kuliko inavyostahili.

Nikasema mama, nisamehe kwa kucheka.

"We nawe," akasema. "Watoto wanacheka. Roweka mahindi."

*

Nikaroweka. Na kwa kuwa niliahidi kusema jinsi ya kupika, hivi ndivyo tunavyopika sasa nyumbani kwangu.

Usiku, kilo moja ya mahindi yaliyokobolewa kwenye beseni na maji mengi. Nusu kilo ya maharage kwenye bakuli lake. Usiyachanganye, maana mahindi ni mbishi kuliko maharage na lazima yatangulie motoni. Asubuhi unamwaga maji ya kurowekea, unaweka mapya. Mahindi yachemke kwa nguvu kama nusu saa hivi, kisha maharage yaingie, na yote yachemke kwa nguvu tena nusu saa nyingine. Hapo usifanye uvivu. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka kwelikweli, na moto wa chinichini hauiui. Wengine wanaweka magadi kidogo ili yalainike upesi. Yanasaidia, ila magadi yanapunguza vitamini B1, na ladha yake mimi siipendi, kwa hiyo naacha.

Baada ya hapo unazima gesi. Ndiyo, unazima. Sufuria ikiwa bado inatokota, imefunikwa vizuri, unaitia ndani ya kapu kubwa lililowekwa blanketi. Unaifunika juu na blanketi lingine, unabana pembeni kwa nguo kuukuu pasibaki tundu la joto kutokea. Unaenda zako. Joto lililomo linaendelea kupika lenyewe. Mchana natoa, narudisha motoni mpaka ichemke tena, dakika kumi au kumi na tano, naangalia kama mahindi yamelainika. Yakigoma, yanarudi kapuni. Yakikubali, nakaanga kitunguu, nyanya na karoti pembeni, namimina, naonja chumvi. Parachichi likiwepo, la kukata juu. Daftari linasema gesi inayotumika sasa haifiki nusu ya ile ya siku ya kwanza.

Na usidhani familia yako inakula chakula cha kubahatisha. Mahindi peke yake yana upungufu wa lisini, mojawapo ya viini vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana lisini ya kutosha, ila yanapungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Kwenye sahani moja yanazibiana mapengo. Yote mawili ni wageni huku kwetu, yalitoka bara la Amerika baada ya Wazungu kuvuka Atlantiki mwaka 1492, na kule pia wenyeji waliyapanda shamba moja kwa karne nyingi. Yamesafiri dunia nzima na bado hayajaachana.

Mke wangu alipoliona kapu mara ya kwanza aliuliza kama kuna mgonjwa ndani. Alivyorudi usiku kutoka zamu akalifunua, akakuta sufuria ya moto ambayo hakuna mtu aliyeikalia. Alikula amesimama, na viatu vya kazini miguuni, kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Sijawahi kukuta chakula nimewekewa tangu niolewe." Hakusema kwa lawama. Nilihesabu. Miaka kumi na tatu.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mdogo wangu hakusubiri mkakati. Siku nyingi alishampelekea mama mtungi na jiko la plati mbili. Mama alilishonea kitambaa cha kufuma, akaliweka sebuleni karibu na redio, na akaendelea na mafiga yake. Tulimlalamikia sana, tukamwita mkaidi. Baadaye nikaelewa kwamba alishapiga hesabu kabla yangu: kwa chungu cha saa tano, gesi ya kujazwa Mwanga mjini na kupandishwa mlimani haiwezi kushindana na gogo. Kwa hiyo kapu nililizungumza naye kwa uangalifu, kama mtu anayeleta posa.

Nilimweleza hatua kwa hatua. Kuroweka alipita, hilo alilijua kabla sijazaliwa. Kuchemsha saa moja, akasema haya, saa moja gesi inaweza. Kuzima moto, akaguna. Blanketi, akacheka. Kisha akaanza kuuliza maswali ya mtu anayepika: Maji kiasi gani? Mfuniko unapumua? Yanachacha? Nikajibu nilivyoweza.

"Na usiku?" akauliza. "Nani anaamka?"

"Hakuna anayeamka, mama."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kule juu unakata sana, mawingu yakishuka.

"Mtumie yule kijana wa bodaboda hela kidogo," akasema mwishowe. "Aniletee kapu. Kubwa."